Ruhusa Ambayo Bibi Hakuitoa

Mwezi wa Juni, mji wa Itauguá huamka na baridi. Majani ya michungwa huwa yamelowa umande, na moshi wa majiko hutambaa chini chini kana kwamba nao unaona uvivu kupanda. Kila asubuhi Yeruti alitoka chumbani amejifunika shali, akamkuta bibi yake barazani, ameketi kwenye kiti chake kifupi, birika la maji ya moto pembeni na kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani, mkononi.

"Bibi, nibariki," Yeruti alisema, akiunganisha viganja.

"Mungu akubariki, mjukuu wangu. Uso umeunawa au umeutishia maji tu?"

"Nimenawa, Bibi!"

"Mh. Hilo tongotongo linasema mengine."

Yeruti alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, Rosalba, alikuwa Buenos Aires, ng'ambo ya mpaka, akishona nguo kiwandani, naye alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Nyumbani walibaki wawili, Yeruti na Bi Ceferina, mama wa mama yake. Mjomba Isidro, fundi wa kuchomelea vyuma, aliishi mtaa wa pili, na mara nyingi alipita jioni kuwaletea kuni au kipande cha nyama.

Bi Ceferina alikuwa mfumaji wa lesi ile nyembamba ambayo watu wa kwetu huiita utando wa buibui. Aliwamba kitambaa kwenye fremu ya mbao, akachora mduara kwa penseli, kisha sindano ikaanza kwenda na kurudi mpaka ua likachanua kwa nyuzi. Ua la mpera ndilo lililompa jina mjini. Lakini tangu miezi ya joto ilipokwisha, maua yake yalianza kutoka na kasoro. Petali moja ilipanuka, nyingine ikabanwa, na ya tatu akaisahau kabisa. Alifumua, akaanza upya, akafumua tena.

"Nyuzi za siku hizi hazina adabu," alilalamika.

Yeruti aliamini kwamba kosa lilikuwa la nyuzi.

Wakati huo akili yake yote ilikuwa kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Shuleni kwao wasichana walichaguliwa kucheza ngoma ya chupa, ile ya kuzunguka na kupiga magoti huku chupa imesimama kichwani. Yeruti alikuwa miongoni mwao, pamoja na rafiki yake Perla, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

Perla ndiye aliyeligundua jambo la kwanza. Alasiri moja walikuwa uani wakijizoeza, Bi Ceferina akipita na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Perla alimwuliza, "Bibi, huo muhogo ni wa kwenu au wa sokoni?" Bi Ceferina akasimama kabisa. Akafikiri. Akajibu, "Wa hapa shambani, mwanangu." Ndipo akaendelea kutembea.

"Umeona?" Perla alimnong'oneza mwenzake. "Muulize kitu kingine."

"Bibi, mama atapiga simu saa ngapi?"

Bi Ceferina akasimama tena. Akashika nguzo. "Jumapili, baada ya misa," alisema, akaanza upya kutembea.

Perla aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Bibi yako hana gia! Akiongea, magurudumu yanakwama!"

Yeruti alicheka mpaka chupa ikamdondoka kichwani. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wao. Walimsubiri bibi anyanyuke kwenda jikoni au bombani, wakamrushia swali, wakatazama miguu yake ikiganda. Hawakuona ubaya. Bibi mwenyewe aliwahi kuwauliza, "Mnacheka nini nyie panya?" nao wakajibu pamoja, "Hamna kitu, Bibi."

Jambo la pili aliligundua Yeruti mwenyewe, na hilo hakumwambia hata Perla.

Siku moja alikuwa amesahau kuomba ruhusa ya kwenda mazoezini. Alikuwa ameshafika langoni, chupa kwapani, aliposikia sauti ya bibi.

"We Yeruti! Unakwenda wapi?"

"Mazoezini, Bibi. Si ulisema niende?"

Maneno yalimtoka tu. Alisubiri kugombezwa. Badala yake Bi Ceferina aliweka mkono kwenye paji la uso.

"Nilisema?"

"Ulisema jana, tulipokuwa tunakula."

Bi Ceferina alitazama sindano yake kwa muda mrefu, kana kwamba jibu lingekuwa limetungwa kwenye uzi. "Basi nenda," alisema polepole. "Kichwa changu siku hizi kama kapu lililotoboka."

Yeruti alitoka akiona uzito wa uongo wake. Uzito huo ulimfuata hadi kwenye kona, ambapo Perla alikuwa akimngoja, kisha ukayeyuka kwa vicheko. Mara iliyofuata haukufika hata langoni. Ikawa desturi. Akitaka kuchelewa kurudi, alisema bibi ndiye aliyemruhusu. Asipotaka kuosha vyombo, alisema bibi alimwambia aviache mpaka kesho. Na kila mara Bi Ceferina aligusa paji la uso, akakubali.

Jumamosi moja Bi Ceferina alianguka akishuka kidato cha kutokea uani kwenda bombani. Aliumia kiwiko na kuchubuka goti. Mjomba Isidro alikuja mbio, glavu za kazi zikiwa bado mikononi.

"Mama, unakimbilia wapi na umri huu?"

"Nimeteleza tu. Hata mbuzi huteleza, na ana miguu minne."

Isidro alikagua kidato, akakuta kimemomonyoka ukingoni. "Adui ndiye huyu," alisema. Siku ileile akachanganya saruji akakijenga upya. Akaondoa zulia dogo la barazani. Jioni akarudi na viatu vipya vya mpira, visivyoteleza, akamvisha mama yake mwenyewe huku Bi Ceferina akisema vinamfanya aonekane kama askari.

Alipokuwa akilainisha saruji, Isidro alimwita mpwa wake.

"Yeruti, wewe ndiye unayeishi naye. Kuna lingine umeliona? Anasahau vitu? Anachanganyikiwa?"

Yeruti alisimama na ndoo ya maji. Alikumbuka birika lililoungua tupu juu ya moto. Alikumbuka vidonge vya presha, jinsi bibi alivyouliza juzi, "Nimeshameza, au bado?" naye akajibu "Sijui" bila kuinua macho. Alikumbuka ile miguu inayoganda. Akakumbuka pia ruhusa zote alizojipa mwenyewe. Akisema bibi anasahau, mjomba atauliza, "Umejuaje?" Na shangazi, mke wa mjomba, atahamia pale, na mazoezi yatakwisha.

"Hapana, Mjomba," alisema. "Ni kidato tu."

"Haya. Nashukuru." Isidro akaendelea na saruji yake, ameridhika.

Sikukuu ikakaribia. Shuleni walianza kuchimbia ule mlingoti unaopakwa mafuta ili vijana washindane kuuparamia, na wavulana wakajitamba nani ataupiga ule mpira wa vitambaa unaowaka moto kwa mguu mtupu. Yeruti alishikwa na kikohozi. Usiku wa kuamkia mazoezi ya mwisho, Bi Ceferina alimsugua kifua kwa mafuta ya moto, akamwambia wazi, "Kesho baada ya shule unarudi hapa. Huendi kwenye mazoezi na kifua hiki. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kesho yake Yeruti alirudi mchana, akala, akabadilisha nguo. Bi Ceferina alimwona anachukua chupa.

"Si nilikukataza? Si una kikohozi wewe?"

Sauti yake ilikuwa na uhakika. Yeruti angeweza kurudisha chupa mahali pake. Lakini alikuwa amezoea.

"Hapana, Bibi. Ulisema nikivaa sweta niende. Umesahau tena."

"Nilisema sweta?"

"Sweta la bluu. Ukasema nisikimbie."

Bi Ceferina alifumba macho, akafumbua. Uhakika ule ulikuwa umetoka usoni mwake. Aliingia ndani taratibu, akarudi na sweta la bluu, akamvalisha mjukuu wake na kumfunga vifungo mpaka juu.

"Nenda na Mungu," alisema.

Mazoezi yalikwenda vizuri kuliko siku zote. Mwalimu alimsifu Yeruti mbele ya wenzake. Alirudi na Perla jua likielekea kuzama, wakiimba, na walipokata kona ya gereji ya baiskeli ya Mzee Porfirio waliona watu wameinama barabarani.

Bi Ceferina alikuwa amelala chini, koti la Mzee Porfirio likiwa chini ya kichwa chake. Alikuwa amevaa viatu vyake vipya. Hapakuwa na kidato, wala zulia, wala jiwe. Palikuwa tambarare kama meza.

Mzee Porfirio alitetemeka kuliko majeruhi. "Mimi nilimsalimu tu," alikuwa akimwambia kila mtu. "Alikuwa anapita. Nikasema, Bi Ceferina, baridi yote hii unakwenda wapi? Akageuka anijibu, miguu ikapishana. Jamani, nilimsalimu tu!"

Yeruti alipiga magoti. Bibi alifumbua macho, akamtambua, na uso wake uliopauka ukafurahi.

"Umerudi? Nilikuwa nakutafuta. Nilikumbuka una kikohozi, lakini sikukumbuka umekwenda wapi."

Yeruti aliiacha chupa, akamshika bibi mkono. Gari la wagonjwa lilipofika, Perla ndiye aliyeiokota chupa ya Yeruti kando ya barabara.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika karibu na nyonga. Bi Ceferina alipasuliwa na kuwekewa chuma. Siku zilizofuata alilala katika wodi ya wanawake, mara akimwita Isidro kwa jina la marehemu mumewe, mara akiuliza kwa nini hajapewa fremu yake. Rosalba alipiga simu akilia, akasema ameomba likizo kiwandani lakini bado hajapewa.

Daktari aliyemhudumia aliitwa Zunilda, mwanamke mfupi mwenye mvi chache na sauti ya kutuliza. Aliwaita Isidro na Yeruti kwenye benchi la korido.

"Daktari, mimi sielewi," Isidro alianza kabla hajaketi. "Kidato nimejenga. Zulia nimetoa. Viatu nimenunua vya bei. Sasa mtu anaangukaje mahali tambarare?"

"Yote uliyofanya ni mazuri," alisema Dakta Zunilda. "Lakini uliangalia sakafu na miguu. Niambieni kuhusu kichwa. Kumbukumbu yake ikoje?"

"Nzuri. Kusahau kwa uzee tu. Huyu hapa anaishi naye, hajaona kitu."

Wote wawili walimtazama Yeruti. Korido ilinuka dawa ya kusafishia sakafu, na mahali fulani mgonjwa alikuwa akikohoa. Yeruti aliangalia mikono yake. Kwanza yalikuja machozi, kisha maneno, na maneno yalipoanza hayakukoma. Alisimulia birika, vidonge, maua ya lesi yaliyoharibika. Alisimulia mchezo wake na Perla. Alipofika kwenye ruhusa, sauti yake ilishuka mpaka Isidro akalazimika kuinama amsikie.

"Nilijua anasahau, Mjomba. Nilijua kabla yenu wote. Ndiyo maana niliweza kumdanganya."

Isidro alisimama ghafla, akaenda hadi dirishani, akawapa mgongo. Yeruti aliogopa. Dakta Zunilda alimpa kitambaa cha karatasi, akangoja apenge kamasi.

"Umesema unacheza ngoma ya chupa," alisema daktari. "Ulipoanza kujifunza, mtu akikuuliza saba mara nane ni ngapi, ilikuwaje?"

"Chupa inaanguka."

"Kwa nini? Miguu yako si mizima? Shingo yako si nzima?"

Yeruti alifikiri. "Kwa sababu akili inakwenda kwenye hesabu."

"Ndivyo hivyo. Watu hudhani kutembea ni kazi ya miguu peke yake. Kichwa nacho kinafanya kazi kila hatua: kinapima ardhi, kinapima uzito umeegemea wapi, kinaamua mguu uende wapi. Wewe unayafanya hayo yote huku unaimba, hata hujui. Lakini kichwa kilichoanza kuchoka hakiwezi kubeba mizigo miwili kwa pamoja. Ndiyo maana mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu huanguka zaidi ya mwenzake wa rika lake, hata kama nyumba haina kidato. Na ndiyo maana bibi yako alikuwa anasimama mkimwuliza kitu. Hakuwa akichekesha. Alikuwa anajilinda asianguke."

Yeruti alijifunika uso.

"Na vile vidonge," daktari aliendelea, "akivimeza mara mbili kwa kusahau, presha inashuka mno na kizunguzungu kinampata. Hilo nalo tutalishughulikia."

"Daktari, ningesema mapema, asingeanguka?"

Dakta Zunilda alimsogelea kwenye benchi. "Kusahau kwake huenda kungebaki. Lakini dawa tungezipanga. Macho tungeyapima. Angeanza mazoezi ya kuimarisha miguu na mizani ya mwili, na mtu angefuatana naye barabarani. Huenda asingeanguka. Huenda angeanguka vilevile. Hilo hatutalijua, mwanangu, na sitakudanganya ili nikufariji."

Isidro alirudi kutoka dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi nilimwona anatia chumvi kwenye mate," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwona. Aliniita kwa jina la baba, nikacheka, nikasema uzee huo. Wewe ni mtoto, Yeruti, na ulichofanya ni kibaya sana. Lakini mimi ni mtu mzima, na nilijenga kidato kwa sababu saruji ni rahisi kuliko kumtazama mama yangu."

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ilipita. Ngoma ya chupa ilichezwa bila Yeruti. Perla alikuja hospitali siku ya pili na chipa za moto, vile vimkate vya jibini, zilizofungwa kwenye kitambaa, akakaa kando ya kitanda cha Bi Ceferina kimya kabisa, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alipoondoka alimbusu bibi mkononi na kusema, "Nisamehe, Bibi." Bi Ceferina alimjibu, "Haya, mwanangu," ingawa hakujua kosa lenyewe.

Waliporudi nyumbani, mambo yalibadilishwa. Mjomba Isidro na mkewe walihamia chumba cha uani. Isidro alichomelea vyuma vya kushikia ukutani, kutoka chumbani hadi chooni na kutoka barazani hadi jikoni, akavipaka rangi ya njano ili mama yake avione. Vidonge vilitunzwa na shangazi. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kila wiki kumfundisha Bi Ceferina kuinuka, kusimama na kupiga hatua kwa fremu ya kutembelea. Miwani yake ilibadilishwa. Sheria moja ikatangazwa kwa wote, wageni na wenyeji: Bibi akiwa anatembea, asisemeshwe. Akishaketi, aongeleshwe mpaka achoke.

Alipata nafuu. Aliweza kufika barazani mwenyewe, na kiti chake kifupi kikabadilishwa kwa kirefu chenye mikono. Lakini hakurudi kama alivyokuwa. Ua la mpera halikuchanua tena. Alifuma miduara myepesi, Yeruti akimtungia uzi kwenye sindano, na watu waliokuja kuagiza lesi waliambiwa kwa upole waende kwa wengine.

Asubuhi moja, wakiwa wawili barazani, Yeruti aliweka kibuyu cha mate chini.

"Bibi, nina jambo la kukuambia. Siku ile ulipoanguka, hukuniruhusu kwenda mazoezini. Ulinikataza. Mimi nikakwambia umesahau. Nilikudanganya. Na siku nyingine nyingi kabla ya hiyo."

Bi Ceferina alimgeukia. Mkono wake ulipanda kwenye paji la uso, lakini haukufika, ukashuka.

"Kwa hiyo siku ile nilikumbuka sawasawa?"

"Sawasawa, Bibi. Kikohozi, mafuta, kila kitu."

"Kichwa changu kilikuwa kizima."

"Siku ile kilikuwa kizima."

"Mimi nililia, unajua?" alisema Bi Ceferina. "Ulipotoka na sweta lako nililia hapa hapa. Nilijiambia, Ceferina, umekwisha, hata neno ulilosema jana kwa mdomo wako hulijui."

Yeruti alilaza kichwa kwenye mapaja ya bibi yake, upande usio na mshono, akalia kwa kwikwi. Bi Ceferina alimpapasa nywele.

"Nimekusamehe," alisema. "Ulikosa, umesema. Inuka, mate inapoa."

Yeruti aliinuka akiwa mwepesi. Alidhani yamekwisha.

Kesho yake Mzee Porfirio alikuja kumjulia hali mgonjwa, kofia mkononi, bado anajiona mwenye hatia. Yeruti alikuwa jikoni na Mjomba Isidro, akimenya muhogo, aliposikia sauti ya bibi yake kutoka barazani.

"Usijilaumu, Porfirio. Kosa ni la kichwa changu hiki. Mtoto nilimpa ruhusa mwenyewe, tena nikamvalisha sweta, halafu nikasahau! Nikatoka kumtafuta kama mwehu. Mtu gani anasahau alichokisema jana?"

Kisu kilisimama mkononi mwa Yeruti. Alimtazama mjomba wake.

"Jana nilimwambia, Mjomba. Nilimwambia ukweli wote. Akanisamehe!"

"Najua. Alinisimulia jana mchana."

"Sasa mbona anasema hivyo?"

Isidro aliweka muhogo wake kwenye maji, akajifuta mikono.

"Ukweli wako ameusahau," alisema. "Uongo wako umebaki. Uliurudia mara nyingi, ukaota mizizi. Ukweli umeusema mara moja tu."

"Nifanye nini?"

"Utamwambia tena."

"Na akisahau tena?"

"Tena. Kila utakapomsikia anajilaumu, utasimama umwambie. Itakuchosha na itakuaibisha, hasa mbele za watu. Sikia, mwanangu. Mtu anapoanza kusahau, sisi tunaoishi naye ndio tunakuwa kumbukumbu yake. Anatushika sisi kama anavyoshika vile vyuma ukutani. Tukimdanganya, tumemng'olea chuma mkononi. Na tukiona anayumba tukanyamaza, ni vilevile. Mimi nimejifunza hivyo nikiwa na mvi. Wewe umejifunza mapema, ingawa kwa gharama ya bibi yako."

Yeruti alinawa mikono. Barazani alikuwapo Mzee Porfirio, mgeni, mtu wa kusimulia habari mji mzima. Hata hivyo alitoka. Alihakikisha bibi yake ameketi vizuri, mgongo umeegemea kiti, kisha akachuchumaa mbele yake ili waonane macho.

"Bibi," alisema, "hukusahau. Ulinikataza, na ulikumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyekudanganya."